Hela ya kutumia Roma: shajara ya mhazini wa mahujaji wanne

Jumapili, 8 Juni 2025

Kikao cha kwanza, baada ya Misa ya pili. Tumekuwa wanne rasmi: Katekista Mkuu, mama mwenyekiti wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) parokiani, kijana wa VIWAWA (umoja wa vijana Wakatoliki) anayefundisha kipaimara, na mimi niliyetwishwa uhazini kwa sababu nafundisha hesabu shuleni. Tunakwenda Roma kwenye Jubilei ya Makatekista, siku za makatekista ndani ya Mwaka Mtakatifu 2025, tarehe 26 hadi 28 Septemba. Tunaingia Alhamisi alfajiri tarehe 25 na kuondoka Jumatatu usiku tarehe 29.

Ndege ya kupitia Addis Ababa, hoteli ya nyota tatu karibu na stesheni ya Termini pamoja na kifungua kinywa, na bima ya safari, vyote vimo kwenye bei ya wakala. Bei yenyewe iko kwa shilingi, maana tangu kanuni za Machi mwaka huu biashara za hapa Tanzania haziruhusiwi kutaja bei kwa dola. Kwa hiyo tiketi na kitanda simo. Kazi yangu ni hela ya mkononi: tukishashuka pale Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, kila mtu awe na shilingi ngapi mfukoni?

Hapo ndipo penye ubishi. Kila aliyewahi kwenda ana namba yake. Mmoja anaapa dola mia tano hazikumtosha. Mwingine alifikia kwa masista, akala mezani kwao, akarudi na chenji. Nikiwauliza hela ilikwenda wapi, hakuna anayekumbuka. Namba isiyo na mchanganuo haina kazi kwangu. Nimeomba muda nilete hesabu ya kitu kwa kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Tumeanza makaratasi ya visa. Ada ya visa ya Schengen, ile ya kuingilia Italia na nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hiyo tumeitoa kwenye mchango wa safari.

Kilichonisaidia ni sharti la kuonyesha uwezo wa kujikimu. Italia ina jedwali lake, la agizo la Wizara ya Mambo ya Ndani ya huko la tarehe 1 Machi 2000. Kwa safari ya siku moja hadi tano, anayesafiri peke yake aonyeshe yuro 269.60, wakiwa wawili au zaidi, kila mmoja yuro 212.81. Hiyo ni kwa kipindi chote, wala si kwa siku. Katekista Mkuu akauliza kwa nini mpweke atozwe zaidi. Nikamwambia Mzee, wawili wanagawana teksi na chupa ya maji, mpweke anagawana na nani?

Gawa 212.81 kwa siku tano unapata yuro 42 na senti. Namba ya miaka 25 iliyopita siwezi kuifanya bajeti, ila imenipa sakafu. Hakuna atakayekwenda na chini ya hapo, hata kama anafunga.

Jumapili, 6 Julai

Nimewasilisha rasimu. Jambo ambalo ilibidi nilirudie mara kadhaa ni kwamba sigawi hela sawasawa kwa siku. Watu wengi wakisafiri huchukua walichonacho, wanagawa kwa idadi ya siku, wanasema "nina arobaini kwa siku". Siku ya kwanza inakula sabini, wanaingiwa na hofu, siku ya pili wanashinda njaa bila sababu. Siku hazifanani bei. Ya kufika ina usafiri wa uwanja wa ndege na kodi ya wageni, ya kuzunguka mabasilika inakaribia kuwa ya bure. Kwa hiyo nimeipa kila siku bei yake.

Alhamisi nimeiwekea yuro 48.50 kwa mtu. Kutoka uwanja wa ndege, treni ya moja kwa moja hadi Termini ni yuro 14. Ile ya kawaida inayopita stesheni ya Ostiense ni 8, na kutoka Ostiense unaingia metro kwa 1.50. Jumla 9.50. Teksi ina bei iliyopangwa na jiji, yuro 55 hadi ndani ya kuta za kale. Ukigawa kwa wanne ni 13.75 kila mmoja, chini kidogo ya treni ya haraka, sharti watu wanne na mabegi yao wote waenee kwenye gari moja. Nikimwangalia mama mwenyekiti na mabegi yake nachagua Ostiense. Halafu kodi ya wageni: Roma inatoza yuro 6 kwa mtu kwa usiku kwenye hoteli ya nyota tatu. Usiku nne, yuro 24 kila mmoja, na wakala hakuiweka kwenye bei yake kwa kuwa inalipwa palepale hotelini. Nimeipa Alhamisi mzigo huo wote ili usituvizie siku ya kuondoka. Inabaki 15 ya chakula.

Ijumaa 28, Jumamosi 25, Jumapili 28, Jumatatu 24.50. Nauli za mjini nimehesabu kwa tiketi ya 1.50, ambayo ni ya dakika 100: mabasi unabadilisha upendavyo, metro unaingia mara moja. Tiketi ya saa 24 ina maana kwa anayepanda mara sita au zaidi kwa siku, na sisi tutatembea sana. Chakula nimeweka 22 kwa siku kamili, na Jumapili 25 kwa sababu tutakaa mezani kama watu.

Jumla ni yuro 154 kwa mtu. Nimepandisha ziwe 160, na hizo zinaingia Mfuko wa Pamoja ninaoushika mimi. Juu yake kila mtu ana 60 zake mwenyewe ambazo siziulizi. Halafu 25 kila mmoja ya dharura, kwenye bahasha iliyofungwa. Jumla 245. Nimehesabu yuro moja kwa shilingi 3,100, karibu na bei ya benki ya leo, kwa hiyo kila mtu alete shilingi 759,500.

Kijana alitaka zote ziwe za mtu binafsi, kila mtu ajitegemee. Mama mwenyekiti akamjibu, "Mwanangu, tukifika mlangoni pa mgahawa mmoja akasema hana njaa kumbe hana hela, sisi wengine tutamezaje?" Mfuko wa Pamoja ukapita.

Jumapili, 10 Agosti

Kikao cha zawadi. Kilichukua muda kuliko vikao vyote, na ni haki yake. Mtu wa kwetu haendi Roma peke yake. Anakwenda na jumuiya, kwaya, ukoo, majirani wa dini zote, na mwenye duka aliyemkopesha sanduku. Kila mmoja ameshasema "usinisahau". Ukiziacha zawadi zijipange zenyewe, 60 za mfukoni zinaisha Ijumaa mchana.

Nikaomba kila mtu aandike majina. Mama mwenyekiti alijaza ukurasa na kugeuza. Tukaanza kuchambua: nani anategemea kitu cha mkononi, na nani atafurahi kwa habari na picha? Ikaonekana wengi, karibu wote, wanataka kitu kimoja: rozari iliyobarikiwa na Papa.

Basi mama akatoa hoja iliyobadilisha hesabu nzima. Mwishoni mwa mkutano wa Papa na mahujaji, baraka anayotoa inafika hadi kwenye rozari, medali na misalaba ambayo watu wameshika mikononi. Kinachobarikiwa ni rozari uliyoshika, hata kama ulinunua kwenye duka la parokia yetu kwa bei ya kwetu. Kwa nini tubebe shilingi hadi Ulaya, tuzigeuze yuro, tununue pale mtaa wa Conciliazione mbele ya Basilika la Mtakatifu Petro, penye kodi ya pango ya kutisha, kitu tunachoweza kwenda nacho kwenye mkoba?

Kijana akapinga. "Watu watazitambua, Mama. Ni zilezile za kwa sista, nyeupe na bluu." Katekista Mkuu akasema anayepima sala kwa rangi ya shanga apewe picha. Lakini kijana ana hoja. Zawadi ni ushahidi kwamba ulipokuwa huko ulimkumbuka mtu, na ushahidi unaouzwa nyuma ya kanisa lako una kasoro.

Tumekubaliana hivi. Rozari za jumuiya na kwaya tunanunua hapa, kwa jumla, kutoka mchango wa parokia, na tunawaambia watu wazi kabisa kwamba zimetoka hapa zikaenda kubarikiwa. Za mzazi, mwenzi na watoto wa ubatizo, kila mtu anunue Roma kwa 60 zake. Manunuzi ya Roma yafanyike Ijumaa, kwenye maduka ya upande wa Basilika la Santa Maria Maggiore, ili Jumamosi asubuhi, kwenye mkutano huo wa Papa, vyote viwe mikononi katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Paroko alitaka cheti cha baraka ya Papa cha kutundika ofisini. Hicho kinaagizwa kwa mtandao kwenye ofisi ya sadaka ya Papa, na fedha yake inakwenda kwa maskini. Atajilipia mwenyewe.

Makumbusho ya Vatikani nayo yalizua neno. Jumapili ya mwisho ya mwezi kuingia ni bure, na tarehe 28 ndiyo hiyo. Kijana alishangilia mpaka nilipomwonyesha saa: mlango wa bure unafunguliwa saa tatu asubuhi, wa mwisho kuingia ni saa sita na nusu, na Misa ya Jubilei uwanjani inaanza saa nne. Umevuka bahari kwa ajili ya Misa, uiache upange foleni ya makumbusho? Siku ya kawaida ni yuro 20 na 5 za kuweka nafasi mtandaoni. Anayetaka alipe mwenyewe, Jumamosi mchana. Kijana peke yake kanyoosha mkono.

Jumamosi, 13 Septemba

Yuro zimenunuliwa. Shilingi imepata nguvu tangu Juni na benki imetuuzia chini ya 3,000. Tofauti nimeirudisha kwa kila mtu kwa maandishi, wasije wakasema mhazini kanona.

Nimeomba noti za 5, 10, 20 na chache za 50. Mfuko wa Pamoja uko sehemu tatu: kwangu, kwa Katekista Mkuu, na ndani ya mkanda wa kitambaa ambao mama ameushona na ataufunga chini ya kanga. Basi namba 64, linalotoka Termini kwenda upande wa Mtakatifu Petro, linajulikana kwa vidole vyepesi. Bahasha ya dharura itakaa kwenye sefu ya chumba.

Kijana ana kadi ya benki ya kulipia kabla. Tumekubaliana mashine yoyote ikimuuliza alipe kwa yuro au kwa sarafu ya nyumbani, abonyeze yuro. Ukikubali shilingi, wenye mashine ndio wanaojipangia bei ya kubadilisha, na hawajipunji.

Alhamisi, 25 Septemba, Roma

Tumetua alfajiri. Ostiense imekwenda kama ilivyopangwa, yuro 9.50. Kodi ya wageni nimelipa mapokezi kwa wote wanne, yuro 96, nikapewa stakabadhi.

Vyumba vinatolewa saa nane mchana. Mabegi wakayapokea, sisi tukatoka na usingizi machoni. Kwenye mkahawa wa pembeni ya stesheni orodha ya bei iko ukutani, ina safu mbili: ya anayekunywa kaunta amesimama na ya anayekaa mezani. Kahawa ndogo ni 1.30 kwa kusimama. Ukikaa inavuka mara mbili yake. Wenyeji wanaingia, wanasema neno moja, wanamimina kooni, wanatoka, hata kijiko hakijakauka. Nikamtazama Katekista Mkuu na magoti yake baada ya usiku mzima ndani ya ndege, nikasema tukae. Tulikaa saa mbili na hakuna aliyetuangalia vibaya. Sioni kama hasara. Tulinunua viti, kahawa ilikuwa nyongeza.

Mpango 194 kwa wanne, matumizi 206.

Ijumaa, 26 Septemba

Siku ya miguu. Santa Maria Maggiore iko hatua chache kutoka hotelini. Mlango Mtakatifu, ule unaofunguliwa mwaka wa Jubilei, kisha foleni ya kaburi la Papa Fransisko, bure vyote. Kutoka hapo barabara ya Merulana inanyooka hadi Basilika la Laterano. Ngazi Takatifu zilizo ng'ambo yake, 28, zinapandwa kwa magoti, nazo hazina kiingilio. Katekista Mkuu alipanda kwa ngazi za pembeni akatusubiri juu. Mchana metro hadi Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Maji hatujanunua hata chupa. Mabomba ya chuma ya mitaani yanatiririka mchana kutwa, yako zaidi ya elfu mbili mji mzima, na ni maji safi ya kunywa. Kijana ndiye aliyegundua namna yake: ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanarukia juu kupitia kitundu cha mgongoni mwa bomba, unakunywa bila kuinama. Mama alirudia mara tatu, na si kwa kiu.

Chakula cha mchana ni piza ya kukata. Muuzaji anaweka kisu juu ya sinia na kukuangalia, unamwonyesha kwa mkono aongeze au apunguze, kisha anaiweka kwenye mizani. Bei iliyoandikwa ni ya gramu 100, hivyo anayesoma 1.80 akadhani ni ya kipande atashtuka. Sisi tulikuwa tumeshaambiana.

Zawadi za Roma zimenunuliwa jioni. Sikuuliza nani katumia ngapi. Mpango 112, matumizi 84.

Jumamosi, 27 Septemba

Uwanja wa Mtakatifu Petro asubuhi, pamoja na Papa Leo XIV. Mfuko wa rozari ulishikwa na mama kwa mikono miwili juu ya kichwa, wakati wote wa baraka, na hakukubali kupokewa. Mahujaji wa Poland waliokuwa mbele yetu waligeuka kumpiga picha.

Kijana alikwenda makumbusho kwa 25 zake, akarudi na shingo inayouma kwa kutazama dari. Sisi tulipita chemchemi ya Trevi. Mama akaniuliza kama sarafu ya kutupa inatoka Mfuko wa Pamoja au mfukoni kwa mtu. Nikamwambia sarafu za mle huokotwa na kupelekwa Caritas ya Roma, shirika la Kanisa la kusaidia maskini, basi ni sadaka, na sadaka kila mtu hutoa yake. Alitoa senti 20.

Mpango 100, matumizi 96.

Jumapili, 28 Septemba

Misa. Kisha chakula cha kukaa mezani, mtaa wa nyuma, mbali na uwanja. Kwenye hesabu kulikuwa na mstari wa mkate, 1.50 kwa mtu. Sheria ya mkoa wa Lazio tangu 2006 inakataza kumtoza mteja ada ya kukaa mezani, lakini mkate unaruhusiwa kuwa na bei ukiwa kwenye orodha, na ulikuwepo. Mkate wenyewe tulishaumaliza. Bakshishi si lazima huku. Tuliacha sarafu kidogo kwa sababu kijana aliyetuhudumia alimletea Katekista Mkuu kiti chenye mto bila kuombwa.

Mpango 112, matumizi 118.

Jumatatu, 29 Septemba

Duka la kawaida la vyakula kwa ajili ya mkate na jibini ya njiani. Treni ya Ostiense tena. 86 badala ya 98.

Jumapili, 5 Oktoba

Taarifa imesomwa mbele ya kamati tendaji. Mfuko wa Pamoja: yuro 640 ziliingia, 590 zimetumika, 50 zimebaki. Ukizitandaza 590 kwa watu wanne na siku tano ni yuro 29.50 kwa siku, lakini nimewakataza kuinakili namba hiyo. Wa mwakani wachukue mchanganuo wa siku kwa siku na waulize kwanza hoteli yao ina nyota ngapi na chai ya asubuhi imo au haimo. Bahasha ya dharura imerudi na gundi yake, kila mtu kachukua 25 zake.

Mwenyekiti wa fedha aliuliza juu ya yuro 12 zilizozidi siku ya kwanza. Nikamjibu ni viti. Akataka maelezo zaidi, Katekista Mkuu akasimama mwenyewe kuyatoa, na mjadala ukaishia hapo.

Rozari za jumuiya zimegawiwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyesema zinafanana na za kwa sista, akaambiwa ndizo.

Katika zile 50, noti za 40 nimezibadilisha benki na kuziingiza akaunti ya parokia. Sarafu za 10 hazipokelewi kwenye maduka ya kubadilishia fedha. Nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na tiketi mbili za metro ambazo hazijagongwa, na nakala ya jedwali la siku. Ziko kwa katibu, droo ya pili, kwa atakayesaini.